Wembe wa Nyumba Yetu

Jumatatu, 3 Machi

Kama unayesoma si mimi, nakuomba ufunge hapa hapa. Usimwambie mtu. Hata mama yangu, hata kwa nia njema. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya ardhi, mkataba wangu ni wa muda, na Mpanda ni mji mdogo. Neno likitoka asubuhi, mchana liko sokoni. Nakuomba kama ndugu.

Leo mafaili ya viwanja tangu asubuhi. Kupanga, kubandika namba, kurudisha kabatini. Mvua. Umeme ukakatika. Mama Jeni wa meza ya jirani alileta maandazi, tukala huku tunamcheka bosi.

Mchana akaja kaka Shija. Sikumtambua upesi. Miguu imekuwa kama ya mtoto na tumbo limesukuma shati hadi vifungo vimeachana. Akaegemea mlango.

"Karani wetu, niandikishe kliniki ya wajawazito."

Nilicheka. Mama Jeni naye alicheka. Halafu nikaona macho yake. Ya njano.

Amelala chumbani kwangu, kitandani. Mimi nipo chini. Anaguna kila akigeuka. Amekuja peke yake kutoka Kabungu, amewaacha ng'ombe na mkewe Holo na mapacha. Shija haachi ng'ombe bila sababu. Naogopa.

Jumanne, 4 Machi

Hospitali. Foleni ndefu. Wamemchukua damu, wakampaka yale mafuta ya baridi tumboni na kumpiga utrasaundi. Mpimaji alikuwa akizungumza na mwenzake habari za mpira. Alipofika upande wa kulia, chini ya mbavu, akasimamisha kifaa. Akarudia pale pale. Hakuendelea na habari za mpira.

Majibu Alhamisi.

Shija anasema ni majimaji tu, yatatolewa. Alikula uji kidogo. Akatapika.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema kaka ana malaria.

Daktari ni kijana, pengine tunalingana umri. Alizungumza taratibu, akimtazama Shija, si mimi. Hilo nimelipenda. Alisema kuna uvimbe kwenye ini, mkubwa, na mwingine mdogo mdogo pembeni. Saratani. Damu imeonyesha homa ya ini aina B. Alisema hayo si magonjwa mawili yaliyokutana kwa bahati mbaya. Moja limezaa jingine. Virusi huingia mtu akiwa mtoto, vinakaa kwenye ini miaka mingi. Mtu halalamiki, analima, anachunga, anaoa. Wakati huo ini linaumia na kupona, linaumia na kupona, linajaa makovu. Mwisho panaota kitu.

Shija akauliza, "Kwa hiyo hiki kitu ni cha zamani?"

"Pengine tangu ulikuwa mtoto, kaka."

"Na mimi nilidhani ni ugali wa juzi."

Daktari hakucheka. Ameandika rufaa ya hospitali kubwa ya kanda, lakini aliponiita pembeni alisema nisimdanganye. Imechelewa. Wanachoweza zaidi ni kumpunguzia maumivu na kumtoa maji.

Shija amekataa rufaa. Anataka kwenda nyumbani. Anataka kuona ng'ombe.

Daktari alisema neno la mwisho tukiwa mlangoni: wote tuliozaliwa nyumba moja naye tupimwe. Mama pia. Mkewe. Watoto.

Nilisema sawa kama vile ananiagiza chumvi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepima. Nilikwenda peke yangu saa ya chakula, kitambaa kichwani kama mwizi.

Ninavyo.

Sina la kuandika zaidi. Nimerudi kazini nikabandika namba.

Jumapili, 9 Machi

Nimempeleka Shija nyumbani. Bodaboda ilikuwa inateleza kwenye matope, nimemshika kiunoni njia nzima, na tumbo lake gumu chini ya mikono yangu.

Mayu, mama yetu, alitoka jikoni, akamwona, akaweka mwiko chini. Hakulia. Alikwenda kumtandikia kitanda. Mama yangu ameshawahi kumwona mtu mwenye hali hii. Baba.

Baba alikufa tungali tunaishi Shinyanga. Mimi sikumbuki, nilikuwa wa kubebwa. Tumbo kubwa, macho ya njano. Walisema karogwa na jirani kwa ajili ya malisho. Baada ya maziko Baba Mdogo Maduhu alikusanya ng'ombe, akamchukua mayu na sisi, tukatembea hadi huku Katavi. Nimekua nikisikia hadithi hiyo. Tulihama kumkimbia mtu mbaya.

Jioni Baba Mdogo akakaa na wanaume. Akaniita niwape habari za hospitali. Nikasema ini, virusi, uvimbe. Walinisikiliza vizuri. Halafu akasema:

"Kaka yangu alikufa hivihivi. Tumbo hilihili. Sasa mwanawe. Huyo mtu katufuata, Limi. Hospitali wameona ugonjwa, hawakumwona aliyeuleta."

Ameshamwita mganga. Jumamosi, tarehe 22. Nyumba nzima itachanjwa chale ya kinga, kuanzia Shija, kisha watoto, kisha wengine wote. Kama walivyofanya kwa baba.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Jeni anauliza mbona nimekonda kwa siku chache. Nikasema mfungo. Akasema, "Kwaresima hii itakumaliza, mpaka Pasaka utabaki kitambulisho cha kazi tu." Nikacheka kwa sauti kubwa mno.

Mwaka jana kulikuwa na mhudumu hapa aliyekohoa sana. Watu walitenga kikombe chake, wakakifunga uzi mwekundu. Hakuna aliyesema neno. Mkataba wake ulipokwisha, haukuendelea. Pengine si kwa sababu hiyo. Pengine ndiyo.

Homa hii haipiti kwa kikombe, wala sahani, wala kupeana mkono. Daktari kasema. Najua. Lakini nani atamwambia Mama Jeni?

Jumatano, 12 Machi

Nimepigwa utrasaundi. Nimefumba macho muda wote. Ini langu halina uvimbe. Daktari yuleyule alisema nirudi kila baada ya miezi sita, nipime damu na ini, na siku ikilazimu ataanza kunipa dawa. Si ya kuponya. Ya kuvituliza virusi. Alisema wengi wanaishi hivyo hadi uzee, ila wasipuuze.

Nikamuuliza nimevipata wapi. Akasema hawezi kujua kwa hakika. Pengine kwa mama wakati wa kuzaliwa. Pengine damu ya mtu mwingine utotoni. Chanjo kwa watoto wachanga ilikuja baada yetu.

"Sindano za zamani? Wembe?" akauliza.

Nilikuwa bado nimefungua vifungo viwili vya juu. Akaziona. Chale zangu za kifuani, vimistari vyeusi vimepangana. Ninazo tangu nijitambue. Shija anazo mahali palepale. Sikuwahi kuziwaza, kama mtu asivyowaza kitovu chake.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta wa bustani. Mtu mmoja akaniuliza kama nasubiri bajaji. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 14 Machi

Mayu amekuja mjini kuchukua dawa ya maumivu ya Shija. Nikamwomba apime. Sikumdanganya, nilisema daktari anataka. Akatoa kidole. "Chukueni, damu yenyewe ya kizee."

Hana. Damu yake safi.

Tukakaa kwenye benchi la nje. Nikamuuliza habari ya chale za siku ile, Shinyanga. Nilitaka nisikie kwa mdomo wake.

Akasema mganga alianza na baba, maana ndiye aliyekuwa amelengwa. Alimchanja kifua na tumbo, damu ikatoka nyingi kwa sababu baba alikuwa haishi kutoka damu siku hizo, hata fizi. Halafu wembe uleule kwa Shija, mtoto wa kiume. Halafu mimi. "Ulilia sana. Nilikushika miguu."

"Na wewe, mayu?"

"Mimi nilikuwa kwenye siku zangu. Mganga alinikatalia. Nililia pia. Nikasema nimebaki bila kinga."

Alisema hivyo akikunja kitambaa cha dawa. Hakuona sura yangu.

Najua daktari alisema hakuna hakika. Lakini mimi nina hakika yangu. Tulimkimbia mchawi, tukaja naye kwenye damu. Walitukata ili tusife kama baba. Na walituchanja kwa upendo wote. Ndicho kinachonitia wazimu. Hakuna wa kumchukia.

Na Jumamosi ijayo watafanya tena. Shija kwanza. Kisha Kulwa na Doto, mapacha wake, ambao wamezaliwa kambini porini kwa mikono ya bibi yao na hawajawahi kuona kliniki.

Jumamosi, 15 Machi

Nimenunua paketi ya nyembe mpya. Nimekwenda nazo Kabungu. Nilifanya mazoezi ya maneno njia nzima, kwa heshima, kama barua ya maombi.

Baba Mdogo alikuwa anakaza kamba ya nira. Nikapiga goti, nikamsalimu, nikamwambia sipingi kinga. Ninaomba tu kila mtu awe na wembe wake, kwa ajili ya watoto.

Akaipindua paketi mkononi.

"Sisi si wapangaji hapa, Limi, kila mtu na ufunguo wake. Hii ni nyumba moja. Dawa inapita mtu hadi mtu kwa wembe mmoja, ndivyo inavyotufunga pamoja. Ukigawa wembe, umewaacha wengine nje."

"Baba Mdogo, ndivyo na ugonjwa unavyopita."

"Ugonjwa gani? Ulimwona nani hapa akiumwa kwa chale? Mimi ninazo. Masanja anazo. Wewe unazo. Umekonda?"

Vijana wakacheka. Masanja, mwanawe mkubwa, akasema, "Huyo ananenepea mshahara."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka. Nikasema, "Hapana, sijakonda."

Mwoga.

Nikamwomba Holo anipe watoto niwapeleke kupima kabla ya siku hiyo. Holo ni mkarimu, hajawahi kunikatalia kitu. Safari hii alitazama chini. Baba Mdogo amesema hakuna mtoto atakayetoka nyumbani hadi kinga ifanyike, maana njiani ndiko wanakodakwa. Sikuweza kumlaumu. Mumewe anakufa. Anashika anachopewa.

Jumapili, 16 Machi

Nimelala Kabungu. Asubuhi Shija alitaka kukaa nje, upande wa zizi. Nikamfunika blanketi. Ng'ombe walikuwa wanatoka, akawa anawataja mmoja mmoja kwa rangi.

Sikujua nianzie wapi. Nikaanzia kwa ng'ombe. Nilimuuliza, akiwachoma sindano na sindano ni moja, anaanza na yupi?

"Wazima. Mgonjwa mwisho. Ukianza na mgonjwa umemaliza zizi." Akaniangalia kama anamwangalia mtoto. "Na sindano unaitupa chooni. Mmesoma nini huko?"

Nilimwona akiunganisha mambo mwenyewe. Aligeuza kichwa polepole akatazama kule Kulwa na Doto walikokuwa wanafukuzana na ndama.

"Jumamosi naanza mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Na siku ile alianza baba."

"Ndiyo, kaka."

Akafungua shati akatazama kifua chake, kile kilichobaki. Muda mrefu. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Na wewe?"

Ni mtu wa kwanza niliyemwambia. Hakusema pole. Alinishika kisigino, maana nilikuwa nimekaa juu ya jiwe na hapo ndipo mkono wake ulipofika. Akakishika hadi jua likatupiga.

Akasema hawezi kumvunja Baba Mdogo. Nguvu hana, na huyo ndiye aliyemlea. Lakini mgonjwa ni yeye. Mganga atamsikiliza mgonjwa.

Jumatano, 19 Machi

Kazi. Nimekosea namba, nimebandika kiwanja cha mtu kwenye faili la mwingine. Bosi amenifokea. Alikuwa na haki.

Nimerudi kwa daktari kumweleza mpango wa Shija. Alikunja uso. Akasema ni nafuu kuliko kuanza na mgonjwa, lakini si salama. Salama ni wembe wa kila mtu. Au wasichanjwe kabisa. "Hujui nani mwingine anavyo," akasema.

Nikasema watoto ni wazima, wanakimbia.

"Kila mtu na wembe wake," akarudia.

Jumamosi, 22 Machi

Imefanyika. Nitaandika yote ilivyokuwa.

Mganga alikuja na pikipiki, mtu wa makamo, suruali ya kitambaa na simu mbili mfukoni. Nilitarajia mtu wa kuogopesha. Aliomba maji ya kunywa, akamsifu mayu kwa ua safi. Nikapata ujasiri nikamtolea paketi yangu ya nyembe. Akasema mbele ya Baba Mdogo, "Mimi wembe wowote unakata, binti. Wanaotaka mmoja ni nyie wenyewe." Baba Mdogo akasema, "Mmoja." Basi.

Tukapanga mstari nje, mbele ya ghala. Shija alikuwa kwenye kigoda, ameegemezwa mto. Mganga akasogea kwake na wembe na kibuyu cha dawa nyeusi. Shija akainua kiganja.

"Mzee, mimi nitakuwa wa mwisho."

"Wewe ndiye uliyelengwa."

"Ndiyo maana. Nikitangulia, nitawapa hawa kilicho kwangu. Ng'ombe mgonjwa humchomi wa kwanza. Baba Mdogo anajua, ndiye aliyenifundisha."

Baba Mdogo alifungua mdomo. Ni kweli, ndiye aliyemfundisha. Masanja alitazama pembeni. Mganga akainua mabega: dawa haijali nani anaanza.

Baba Mdogo alitazama lile tumbo. Nikaona kidevu chake kinacheza. Akasema, "Watoto watangulie basi."

Shija akaomba nipange mimi. "Karani ndiye anayejua kupanga," akasema, na wengine wakacheka kidogo, na mimi nikapanga. Kulwa wa kwanza, maana ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Doto. Wadogo zake Masanja wawili, mmoja ana mtoto mgongoni, nikamwomba amwache huyo nje, akakubali. Masanja. Holo. Mayu. Baba Mdogo. Nilipanga vizuri. Nilijiona nimeshinda kitu.

Halafu mimi. Nafasi yangu ni kati ya Holo na mayu, na wote walikuwa wameniachia pengo.

Nilikwenda nyuma. Nikasimama kando ya kigoda cha Shija.

"Limi," Baba Mdogo akaniita, "hapa. Mbele ya mama yako."

"Hapana, Baba Mdogo. Mimi ni huku."

Hakuelewa. Masanja alielewa, nilimwona akiacha kutabasamu. Mayu aligeuka. Alinitazama mimi, akamtazama Shija, akanitazama tena. Hakuna mtu mwenye akili za haraka kuliko mama yangu.

"Na wewe?"

"Na mimi, mayu."

Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akajifunika kanga usoni. Doto alimwendea akajaribu kumfunua, akidhani ni mchezo.

Mganga akaanza. Kulwa alikaza meno. Doto alilia. Wembe ukaenda, mtu hadi mtu, na mimi naufuata kwa macho. Ulipofika kwangu Shija akaninong'oneza, "Tangulia." Nikafungua vifungo. Wembe ulikuwa wa moto kwa mikono ya watu. Mganga akamaliza na Shija, mstari mmoja tu mwepesi, akasema panatosha. Nikaufunga wembe kwenye karatasi nikautupa chooni mwenyewe.

Baba Mdogo hakula chakula cha mchana.

Jumapili, 23 Machi

Mayu hanisemeshi. Si hasira. Ananipa chakula, anakaa karibu, anashika kisigino changu kama alivyofanya Shija. Sijui kama wameambiana. Jioni akasema tu, "Nilikushika miguu."

Nikamwambia hakujua.

"Nilikushika kwa nguvu."

Alhamisi, 3 Aprili

Shija amefariki leo alfajiri. Masanja alinipigia. Siku tatu za mwisho alikuwa haeleweki anachosema, anataja rangi za ng'ombe.

Tumemzika jioni. Mvua. Kaburi lilikuwa linajaa maji wakilichimba.

Nimechoka hadi siwezi kulia.

Jumanne, 15 Aprili

Baba Mdogo ameruhusu. Alimfungulia tu Holo lango. Nimewapeleka Holo na mapacha hospitali. Doto aliomba awe wa mwisho kuchomwa sindano, Kulwa akamwita mwoga. Nikawanunulia soda.

Kulwa hana. Holo hana. Wameanza chanjo.

Doto anavyo.

Daktari alieleza huku amepiga magoti ili Doto asiogope. Alisema si wembe wa juzi uliompa, ni mapema mno kuonekana hivyo. Anavyo tangu zamani. Pengine alikatwa kidole na kisu kilichomkata baba yake. Pengine damu kwenye kidonda. Watoto hulala na baba zao, huokota vitu. Hakuna atakayejua.

Nilimsikia hadi mwisho. Halafu nikaona ule mstari.

Kulwa. Doto. Kisha wengine wote.

Nilimweka wa pili. Mimi niliyesoma, niliyeonywa. Nilidhani anayekimbia ni mzima. Shija naye alikimbia miaka yote ile. Mimi nakimbia. Nilimwepusha Kulwa kwa sababu tu alitangulia kutoka tumboni. Waliomfuata Doto niliwasimamisha mimi, kwa mkono wangu, nikiona fahari.

Daktari akasema si lazima wawe wamepata. Chale ni ndogo, na watu wazima wengi mwili unavifukuza wenyewe. Wapime. Wapate chanjo upesi. Warudi kupima tena baada ya miezi kadhaa. "Walete wote," akasema. "Usikae kujilaumu, walete."

Doto alilala begani kwangu njia nzima. Mzito. Ananukia soda.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimewaambia. Nilisimama mbele ya ghala, palepale. Nikasema Doto anavyo na kwamba mpangilio ulikuwa wangu.

Nilidhani Baba Mdogo atanifukuza. Alikuwa anatazama mikono yake. Akauliza:

"Siku ile Shinyanga, nani alipanga?"

Mayu akasema, "Wewe, shemeji."

"Mimi," akasema. Akaondoka kwenda zizini. Alikaa huko hadi giza.

Dada mdogo wa Masanja, yule mwenye mtoto, alinifuata nikichota maji. "Dada, kipimo chenyewe kinauma? Nikija peke yangu watajua?" Alikuwa anaogopa kuliko mimi. Nikagundua kwamba nimekuwa mtu wa kuulizwa. Sikulitaka hilo.

Jumatatu, 28 Aprili

Masanja alikuja ofisini bila kunitaarifu. Akasimama mlangoni, kofia mkononi, akamwambia Mama Jeni kwa sauti ya kwenye malisho: "Nimekuja kwa dada kupimwa ini."

Masjala yote ikageuka.

Nikavaa viatu vyangu. Nikasema, "Mama Jeni, nampeleka ndugu yangu hospitali. Hata mimi natibiwa huko." Mama Jeni akavuta simu ya mezani upande wake. Akasema, "Nendeni, nitapokea simu."

Sijui kesho itakuwaje. Masanja hana, hadi sasa. Atarudi.

Ijumaa, 2 Mei

Jua leo. Mahindi yamekauka, watu wameanza kuvuna. Mayu ametuma karanga.

Baba Mdogo bado hajaja. Masanja anasema anauliza njia kila siku na kila siku anapata kazi nyingine ya kufanya. Nimemwandikia Masanja maelekezo kwenye karatasi amsomee, na amsomee yeyote wa nyumba yetu, huko Kabungu au walioko Kasokola, atakayetaka. Nayanakili hapa, ili nisije nikabadilisha maneno kesho kwa woga.

Panda bodaboda hadi sokoni, ushuke. Uliza ofisi ya ardhi, si hospitali, kama unaona haya. Masjala ni mlango wa mwisho kushoto. Sema unamtaka Limi, dada yake marehemu Shija. Huna haja ya kueleza zaidi. Nitatoka, tutakwenda kwa miguu, si mbali. Ni tone la damu kidoleni. Mlete na mtoto.

Ukikuta nimetoka, kuna benchi nje chini ya dirisha. Kaa hapo. Usirudi nyumbani. Nitakuja.